Kabla ya Kumkaripia Mgonjwa: Ilani ya Harakati Yetu

Sisi tunaotoa ilani hii ni wauguzi, matabibu, wafamasia, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa hesabu, wachambuzi wa takwimu na wagonjwa wenye kadi zao za kliniki. Harakati yetu bado haina jina, na hatuna haraka ya kulitafuta. Tunachokitaka tunakijua.

Tumechoka kuambiwa kwamba watu hawabadiliki kwa sababu hawajaelimishwa vya kutosha. Maneno hayo yamejaa kwenye taarifa za miradi ya afya. Semina imefanyika, vipeperushi vimegawiwa, fulana zimevaliwa, posho zimelipwa. Mwaka unakwisha hali ni ile ile, na taarifa inafungwa kwa kusema uelewa wa jamii bado ni mdogo. Kisha zinaombwa fedha za semina nyingine. Hakuna anayeuliza kama muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, aliyeacha dawa za presha alikuwa haelewi, au alielewa vizuri kabisa na bado mambo yakamshinda.

Tunasema hivi: namna mtu anavyokula, anavyomeza dawa, anavyolala ndani ya chandarua au nje yake, ni matokeo ya mfumo anaoishi ndani yake. Mfumo huo una nauli, una foleni, una bei ya vidonge, una chungu cha familia, una ulimi wa muuguzi, na una muda mrefu unaopita kati ya kosa na madhara yake. Vitu hivi vinasukumana. Ukigusa kimoja, kingine ambacho hukukifikiria kinajibu, wakati mwingine baada ya miaka. Anayetaka kuwasaidia watu wabadilike sharti auchore mfumo huo kwanza, autie namba, ayajaribu mabadiliko yake kwenye modeli kabla ya kuyajaribu kwa watu, na kazi hiyo aifanye akiwa amekaa pamoja na wanaoishi ndani yake. Hilo ndilo dai letu zima. Yanayofuata ni sababu zake.

Tunaanza na presha, kwa kuwa ndiyo iliyotukusanya.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wazima bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na theluthi mbili yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu nusu hawakujua kama wanalo. Waliolidhibiti walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana presha. Dawa zake si siri wala si mpya. Amlodipini, haidroklorothiazaidi na nyinginezo zimekuwepo kwa miongo kadhaa, na yeyote mwenye kiwanda anaweza kuzitengeneza. Hata hivyo watu wanaanza na kuacha, wanaanza na kuacha, mpaka siku mkono na mguu wa upande mmoja vinapokataa.

Jibu la semina ni kwamba hawajui madhara. Ukichukua chaki ukachora, unaona kingine.

Mshale wa kwanza unaanzia kichwani. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anakwenda kupima, anaandikiwa dawa, anameza. Kichwa kinatulia. Maisha yake yote, kuanzia malaria hadi jino, yamemfundisha kwamba ugonjwa ukiisha dawa zinaachwa, naye anaacha. Siku kichwa kikirudi, anameza tena. Utazame mzunguko huo kwa utulivu: unafanya kazi barabara. Unapima, unarekebisha, unatulia. Kasoro yake ni kwamba unadhibiti maumivu ya kichwa, ilhali presha mara nyingi haiumi kabisa. Madhara yake, yaani kiharusi, moyo kutanuka, figo kushindwa, huja baada ya miaka mingi, wakati hakuna tena anayeweza kuyaunganisha na kile kidonge kilichoachwa. Binadamu hajifunzi kutokana na adhabu inayochelewa hivyo, awe mvuvi awe profesa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilionyesha kwamba hata katika nchi tajiri ni takriban nusu tu ya wenye magonjwa sugu wanaofuata matibabu yao inavyopasa. Kama shida ingekuwa elimu, wale wangekuwa wameshapona.

Kwa hiyo mwenye presha anahitaji kitu cha kushika nafasi ya maumivu, kitu kitakachomwambia leo kwamba leo mambo si sawa. Mashine ya kupimia ikiwa karibu naye, kwenye duka la dawa, kwa mjumbe wa nyumba kumi, msikitini au kanisani, na namba ikaandikwa kwenye daftari lake mwenyewe, mzunguko unabaki ule ule ila kinachopimwa kimebadilika. Hiyo ni kazi tofauti kabisa na kumpa kipeperushi, ingawa kwenye bajeti zote mbili huandikwa kama uelimishaji.

Mshale wa pili unapita kwenye chumba cha tabibu. Mama amekosa dozi za wiki mbili kwa sababu hela ya dawa ilinunua sare ya mtoto. Presha iko juu. Anakaripiwa: mama, unataka kufa? Mwezi unaofuata akiulizwa kama anameza, anajibu anameza. Presha bado iko juu. Tabibu, akiamini alichoambiwa, anahitimisha kwamba dawa moja haitoshi na anaongeza ya pili. Sasa gharama imepanda, miguu inavimba, safari za chooni zimezidi, na siku za kukosa dozi zinaongezeka. Presha inapanda, anaongezewa ya tatu. Mzunguko huu unajilisha wenyewe, na kila anayeuzungusha ana nia njema. Mgonjwa anauona kama ukali, tabibu anauona kama ugonjwa mgumu, mfamasia anaona cheti kirefu. Hakuna kati yao aliyesimama mahali pa kuuona wote, na ndiyo maana tunataka wachore pamoja.

Lakini mzunguko hasa uliotufanya tuandike ni wa foleni, na hapa tunamwomba msomaji avumilie hesabu.

Tuseme kituo cha afya kina kliniki ya presha siku moja kwa wiki, na kwa wafanyakazi waliopo kinaweza kuwaona watu 40 siku hiyo. Kwa wiki nne ni nafasi 160. Kama kila mgonjwa ameambiwa arudi kila mwezi, kituo hicho kinaweza kuwatunza watu 160, basi. Inafanyika kampeni ya kupima bure uwanjani, nayo inafanikiwa sana: watu 100 wapya wanaandikishwa kila mwezi. Mwezi wa kwanza foleni inafika alasiri. Mwezi wa pili inafika magharibi. Dakika za kuonana na tabibu zinapungua, maelezo yanakatwa, watu wanatupiana maneno kwenye benchi, na mama ntilie aliyepoteza siku nzima ya biashara anaamua mwezi ujao haji. Anapoacha, foleni inapungua kidogo. Wakishafika mia moja wanaoacha kila mwezi, foleni inatulia, kituo kinarudi kwenye watu wake 160, na kitabu cha taarifa kinaonyesha mamia ya walioandikishwa. Kila mtu anapongezwa.

Kilichosawazisha foleni ni kukata tamaa. Pipa lenye tundu ubavuni halijai kwa kufunguliwa bomba zaidi. Maji yakifika tunduni yanamwagika kwa kasi ile ile yanayoingia nayo. Kampeni ya pili na ya tatu haitaongeza hata mtu mmoja aliyedhibitiwa presha yake. Itaongeza wanaoingia na wanaotoka. Pengine hata itaharibu, kwa kuwa wanaotoka si lazima wawe wale waliokuja jana. Huondoka wenye nauli kubwa na kazi isiyo na ruhusa, na hao ndio kampeni ilidai kuwatafuta.

Sasa badilisha namba moja tu. Wagonjwa ambao presha yao imetulia wapewe dawa za miezi mitatu badala ya mmoja. Nafasi zile zile 40 kwa wiki, kwa wiki 12, zinatosha watu 480. Wakipewa za miezi sita, zinatosha 960. Hakuna muuguzi aliyeajiriwa, hakuna jengo lililojengwa, na hakuna aliyeelimishwa.

Anayedhani tumemaliza hapo hajaingia stoo. Mgonjwa aliyepo anatumia vidonge vile vile kwa mwaka, lakini mwezi wa mageuzi kila anayekuja anaondoka na dawa za miezi mitatu. Stoo iliyoagiza kwa kuangalia matumizi ya nyuma inaombwa mara tatu ya ilichonacho. Dawa zinaisha kabla ya wiki ya pili kwisha. Anayekuja wiki ya tatu, ambaye ndiye tuliyetaka kumpunguzia safari, anaambiwa akanunue dukani. Mfamasia, akishatukanwa vya kutosha dirishani, anarudisha utaratibu wa mwezi mmoja na kuandika kwamba mpango ulijaribiwa ukashindikana. Haukushindikana. Uliingizwa kwa mkupuo. Wagonjwa wale wale wakigawanywa makundi matatu, kundi moja likahamia kila mwezi, mahitaji ya mwezi wa kwanza yanapanda kwa theluthi mbili, ya mwezi wa pili kwa theluthi moja, na mwezi wa tatu yanarudi yalipokuwa. Oda ya Bohari ya Dawa ikiongezwa mapema kwa kiasi hicho, hakuna atakayerudi mikono mitupu. Busara peke yake haiyaoni haya. Modeli ndogo, hata ya kwenye jedwali la kompyuta ya mhasibu, inayaonyesha kwa mchana mmoja.

Tutaambiwa hayo hayawezekani hapa kwetu. Anayesema hivyo avuke uwanja wa hospitali hiyo hiyo aende CTC, kliniki ya watu wanaoishi na VVU. Tangu mwaka 2004 dawa za VVU, yaani ARV, hutolewa bure nchini. Mgonjwa wa pale ana namba, ana tarehe, asipotokea anatafutwa, na aliyetulia hupewa dawa za miezi kadhaa, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lililipendekeza rasmi mwaka 2016. Mtu mwenye VVU na presha kwa pamoja anaweza asikose ARV hata siku moja, na dawa za presha akawa hajazitia mdomoni tangu mwezi jana. Kichwa chake ni kile kile na elimu yake ni ile ile. Kilichotofautiana ni mifumo miwili ndani ya geti moja. Tunajua CTC zilijengwa kwa fedha nyingi za nje, hasa za Marekani kupitia mpango wake wa UKIMWI, PEPFAR, na za Mfuko wa Dunia, na hatujidanganyi kwamba presha itapata mfadhili wa namna hiyo. Ila kutoa dawa za miezi mitatu kwa zamu, na kumpigia simu aliyepotea, ni mambo ya mpangilio kabla hayajawa ya fedha.

Chumvi tutaisema kwa kifupi. Mgonjwa anaambiwa asizidishe gramu 5 kwa siku. Nani anapima? Chungu ni kimoja, wanaokula ni wanane, mpishi ni mwingine, na anayepikiwa kando anajiona ametengwa na sinia la wenzake. Kinachopaswa kubadilika ni chungu, na nje ya nyumba ni mwoka mikate na muuza chipsi. Jimbo la Karelia Kaskazini nchini Finland lilipoanza mradi wake wa kupambana na maradhi ya moyo mwaka 1972, chini ya daktari kijana Pekka Puska, halikuishia kuwahubiria watu juu ya siagi. Wafugaji walikuwa wanaishi kwa maziwa, hivyo kula siagi kidogo kulikuwa ni kumla jirani. Baadaye wafugaji walisaidiwa kulima matunda ya porini ya kwao, viwanda vikaombwa kupunguza mafuta na chumvi, na vyama vya akina mama vikabadilisha mapishi. Katika miongo minne vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Kazi tunayoipigania, ya kuuchora mfumo na kuutia namba, ina umri. Ronald Ross, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha kwamba malaria huenezwa na mbu, alitumia miaka iliyofuata kuandika milinganyo ya ugonjwa huo. Wengi walimwambia mbu hawawezi kuuawa wote. Milinganyo ikajibu kwamba si lazima waishe, kwani wakipungua chini ya kiwango fulani malaria hushindwa kujiendeleza. Jay Forrester, mhandisi wa chuo cha MIT cha Marekani, katika miaka ya 1950 alizungumza na wakubwa wa kampuni ya General Electric waliosumbuka kwa nini viwanda vyao vinaajiri na kupunguza watu kwa mawimbi. Wao waliulaumu uchumi wa nje. Yeye, kwa kalamu na daftari, akaonyesha kwamba mawimbi yangeweza kutoka kwenye kanuni zao wenyewe za kuajiri na kuagiza. Mwenye stoo ya dawa atalielewa hilo upesi kuliko mwanauchumi. Na mwaka 2007 Kimberly Thompson na Radboud Duintjer Tebbens walitumia modeli za aina hiyo kuonyesha mtego wa polio: juhudi zikifanikiwa wagonjwa wanapungua, wagonjwa wakipungua wakubwa wanaona fedha hazina kazi, fedha zikikatwa ugonjwa unarudi. Mwenye presha aliyeacha dawa kwa kuwa kichwa kimetulia anafanya kilekile ambacho wizara za fedha hufanya, isipokuwa yeye hukaripiwa.

Tusije tukaambiwa kwamba tumeleta mambo ya kizungu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, na wakaamua pale pale watafanya nini: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Mada zilitoka juu, hilo ni kweli, lakini uamuzi wa mwisho ulifanywa na kikundi kwenye mkeka wake. Hatujaona tena kitu cha ukubwa huo.

Kisha Iringa. Kuanzia mwaka 1983, katika vijiji 168 vya mkoa huo, watoto walipimwa uzito, matokeo yakapelekwa mbele ya kamati ya kijiji, na kamati ikaulizwa: kwa nini? Nyumba ina mahindi, mtoto anakonda, kwa nini? Jibu moja lililojirudia lilikuwa muda wa mama. Alikuwa shambani kutwa, mtoto anakula mara chache mno kwa siku. Hapo suala likaacha kuwa ujinga wa mama kuhusu lishe, likawa nani anamlisha mtoto mchana na nani anampunguzia mama mzigo. Tathmini, uchambuzi, utekelezaji, halafu tathmini tena. Utapiamlo mkali ulipungua kwa zaidi ya nusu. Mchoro wa sababu uliokomazwa kule, wenye sababu za karibu, zilizo chini yake na zile za msingi, ndio uliozaa kiunzi cha UNICEF cha mwaka 1990 ambacho wanafunzi wa lishe duniani kote hukariri hadi leo, wengi wao bila kujua kwamba kimetoka nyanda za juu kusini. Kama kuna mahali pa kujivunia, ni hapo. Kilichokosekana katika mchoro wa Iringa ni namba juu ya mishale na saa ya kuonyesha kipi kinawahi na kipi kinachelewa. Sisi tunataka kuendelea pale walipoachia.

Mfano wa tatu wa nyumbani ni chandarua. Hati Punguzo, iliyoanza mwaka 2004, haikumwambia mjamzito alale ndani ya chandarua halafu ikamwacha. Alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani, akalipa kidogo, na mwenye duka akawa na sababu ya kuweka vyandarua hata kijijini. Kliniki, mfuko wa mama na rafu ya duka viliunganishwa. Baadaye ilionekana kwamba wapo wasiomudu hata ile nyongeza ndogo, zikaja kampeni za kugawa bure. Mtu anaweza kubishana ni lipi lingetangulia. Ubishi wa namna hiyo ndio tunaoutaka, ubishi juu ya mshale gani una nguvu, badala ya ubishi juu ya nani mjinga.

Yapo ya kukataa pia, hata ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Modeli inaweza kuwa uongo wenye namba. Mtaalamu aliye mbali anaweza kuijenga yote bila kukanyaga zahanati, akaweka kwamba mgonjwa anaishi wastani wa kilomita kadhaa kutoka kituoni, bila kujua kwamba kati ya hizo kuna mto unaofurika masika. Kila modeli itakayotoka kwetu itakuwa na ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, unaotaja yote tuliyoyachukulia kuwa ni kweli bila kuyapima. Itatabiri jambo linaloweza kutokea au kutotokea, kwa tarehe. Isipotokea, tutasema mbele ya wale wale tuliowaahidi.

Hatari kubwa zaidi ni ile ya kuchagua kipi kihesabiwe. Modeli ikielekezwa kupunguza gharama za kliniki tu, itagundua kwamba mgonjwa anayeacha ni nafuu, na anayekufa ni nafuu zaidi, kwa kuwa harudi tena kuomba dawa. Kompyuta haitaona haya kutoa jibu hilo. Kwa hiyo kabla ya mshale wowote kuchorwa, waliokaa mezani wataulizwa wanataka nini kiongezeke, na jibu la wagonjwa ndilo litakaloandikwa juu ya karatasi. Na pale ambapo namba zitatoka kwenye majalada ya watu, majina hayatatoka nayo.

Wapo watakaotuuliza: je, mtu hana wajibu juu ya mwili wake? Anao. Na anayelewa akapigana hatutamtetea kwa mchoro. Lakini wajibu una kipimo chake. Mgonjwa mmoja akiacha dawa, mwulize yeye. Wakiacha wengi, kituo baada ya kituo, mwaka baada ya mwaka, maswali yaelekezwe kwa waliopanga kituo. Muuguzi mkali naye tunamwekea kipimo hicho hicho: aliyebaki peke yake na watu themanini mchana wa Jumatatu hajazaliwa mkali.

Madai yetu ya kwanza yanakwenda kwenye daftari. Vituo vingi huhesabu walioandikishwa, maana ndicho kinachoulizwa wilayani. Tunataka kila kituo kiulizwe mambo mawili mengine: kati ya walioanza dawa mwaka mmoja uliopita, wangapi bado wanakuja, na wangapi presha yao imeshuka. Hakuna modeli itakayosimama bila namba hizo, na hakuna mganga mkuu wa wilaya atakayejua kama anajaza pipa au anamwaga maji. Halmashauri ndizo tunazozisisitizia zaidi kuliko Wizara, kwa kuwa upangaji wa siku za kliniki, zamu za wafanyakazi na oda za dawa huanzia huko, na mganga mfawidhi mwenye ridhaa ya wilaya anaweza kuanza kabla ya waraka kutoka Dodoma.

Wizara ya Afya tunaitaka jambo moja kwa haraka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakapofika kila kaya, kizuizi cha bei kitapungua, nasi tunashangilia. Ila bei ilikuwa pia inapunguza foleni, kwa ukatili. Ikiondoka, watu watakuja, na kama kliniki ya presha itabaki siku moja kwa wiki na dawa za mwezi mmoja, kizuizi kitahama kutoka mfukoni kwenda kwenye benchi. Lifanyiwe modeli sasa, wilaya kwa wilaya, matokeo yatangazwe.

Vyuo vya afya, Muhimbili kikiwemo, vimfundishe kila muuguzi na tabibu kuchora mzunguko wa mrejesho kama wanavyofundishwa kuchora mzunguko wa damu. Taasisi ya Afya Ifakara, yenye uzoefu wa miaka mingi wa modeli za malaria, itusaidie kuwapata walimu. Wafadhili tunawaomba walipe mchana wa kuchora kabla ya kulipa semina. Ni nafuu, hauna fulana.

Kazi yenyewe inaanza na vituo vitakavyotukubali. Kikao kitakuwa Jumamosi, si siku ya kliniki. Tutatandaza karatasi kubwa mezani, na kalamu zitakuwa za kila mtu. Mwenye presha aje na kadi yake na maboksi ya dawa alizonazo, hata yaliyo tupu, hasa yaliyo tupu. Anayempikia aje naye. Mfamasia aje na leja ya stoo ya miezi kumi na miwili. Muuguzi aje na kitabu cha mahudhurio na kumbukumbu ya siku iliyomshinda. Mchambuzi wa takwimu atakaa mwisho wa meza na hatasema kitu saa ya kwanza. Chai itakuwepo, na andazi lisilo na chumvi nyingi, tukimpata mwokaji atakayekubali.